Kumtunza baba aliyepoteza kumbukumbu nyumbani: tuweke hapa yanayofanya kazi

Muuguzi_Lanet (Nakuru)

Wadau, maswali kuhusu wazee wanaosahau yametapakaa huku na kule. Mtu akiulizia kuogesha, anajibiwa mambo ya shamba. Tuyakusanye hapa. Ombi langu ni moja: leta kinachofanywa, kinavyofanywa, na mahali kinapoharibikia.

Naanza na lile ambalo likikosewa, mengine yote huenda kombo. Mzee aliyeanza kurudia maswali polepole kwa miaka miwili, na mzee aliyebadilika tangu Jumapili, hawaugui kitu kimoja. Huyu wa pili, aliyekuwa akila mwenyewe juzi na leo haujui mlango wa chumba chake, au anaona wadudu ukutani, au analala mchana kutwa na hazinduki vizuri, ana jambo la mwili linalovuruga ubongo. Apelekwe hospitali leo hii. Mara nyingi huwa ni maambukizi ya mkojo, nimonia, malaria, tezi dume iliyoziba mkojo, kufunga choo siku nne tano, au dawa mpya aliyoanzishwa. Nimonia ya mzee inaweza kuja bila homa kali wala kikohozi, dalili pekee ikawa kuchanganyikiwa. Uso ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, hicho ni kiharusi. Usingoje asubuhi.

Naomba hili lishikwe hata kwa mzee ambaye tayari mnajua ana demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kosa ninaloliona zaidi ni familia kusema "ugonjwa umeendelea" kumbe mzee ana mkojo mchafu wa wiki nzima.

Kwa yule wa polepole, msikubali jina la Alzheimer, aina ya demensia inayojulikana zaidi, kabla ya vipimo. Ombeni damu kamili, sukari, figo pamoja na chumvi za damu, homoni ya tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na virusi vya ukimwi. Mwenye kisukari aliyemeza metfomini miaka mingi ndiye wa kupimwa B12 bila kusitasita, kwa sababu dawa hiyo huipunguza mwilini, na upungufu wake huleta usahaulifu na ganzi ya miguu. Kama alianguka wiki chache nyuma, mwambieni daktari hata kama hakutoka damu. Damu inaweza kuvuja taratibu kati ya fuvu na ubongo, dalili zikaja mwezi mmoja baadaye. Picha ya CT huionyesha, na inatibika. Upande wetu huu mnaweza kuanzia hospitali ya rufaa ya kaunti hapa Nakuru, Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu, au Moi iliyoko Eldoret.

Masikio yatazamwe pia. Mzee aliyezibwa na nta anajibu kitu kingine kabisa, mkadhani akili imepotea.

Kemisti_Kondele (Kisumu)

Dada wa Lanet ameanza pazuri. Mimi naongeza la dawa.

Siku ya kliniki, kusanyeni kila kitu mzee anachomeza mkiweke kwenye mfuko mmoja: za hospitali, za kemisti, za mitishamba, na zile za kwenye droo zisizo na jina. Msitaje kwa mdomo, bebeni zenyewe. Zinazotafutwa ni hizi: Piriton na dawa za mafua zenye kitu cha jamii hiyo, amitriptilini inayotolewa kwa maumivu ya neva au usingizi, Artane ya kutuliza kutetemeka, dawa za kuzuia mkojo wa mara kwa mara, na diazepamu (Valium). Ubongo hutunza kumbukumbu kwa msaada wa kemikali iitwayo asetilikolini, na Alzheimer tayari imeipunguza. Zote hizo isipokuwa diazepamu huizuia. Diazepamu nayo humlevya mzee na kumwangusha. Watu hununua Piriton ili mzee alale, naye analala kweli, kisha anaamka hajui yuko wapi na mkojo umegoma.

Donepezili, dawa inayotolewa kwa Alzheimer, hufanya kinyume: huilinda hiyo hiyo asetilikolini isivunjwe upesi. Kumpa mzee donepezili na Piriton pamoja ni kujaza mtungi uliotoboka. Kwa kawaida huanzishwa miligramu 5 kwa siku, na baada ya wiki 4 hadi 6 daktari anaweza kupandisha hadi 10. Haiponyi ugonjwa. Baadhi ya wazee hupata nafuu ya miezi kadhaa, wengine hawapati. Tazameni kichefuchefu, kuhara, kupungua uzito na mapigo ya moyo kwenda polepole. Akizimia au mapigo yakishuka chini ya 50 kwa dakika, dozi inayofuata isubiri daktari. Ndoto mbaya zikija, mwulizeni daktari kuhusu kuihamishia asubuhi.

Msimsagie kila kidonge kwenye uji. Nifedipini ya kutoka polepole, ambayo wazee wengi wa presha wanayo, ikisagwa hutoka yote kwa mpigo na presha huporomoka. Ulizeni kemisti kwanza kipi husagwa na kipi hakisagwi.

Mlezi_Bungoma

Na haloperidoli? Kuna wanaopewa kwa sababu mzee anapiga watu.

Kemisti_Kondele

Hiyo na ndugu zake, risperidoni na olanzapini, huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee wenye demensia. Daktari anaweza kuitoa kukiwa na hatari ya kweli kwa mzee au kwa mlezi, kwa dozi ndogo na kwa muda mfupi, na baada ya wiki 6 aulizwe kama bado inahitajika. Tatizo ni pale inapojazwa upya mwaka mzima bila mtu kuuliza. Mzee mwenye mwili uliokakamaa, anayetetemeka, na anayeona watu wasiokuwepo huenda ana demensia ya aina ya Lewy. Huyo haloperidoli inaweza kumdhuru vibaya sana. Mwelezeni daktari dalili hizo kabla hajaandika.

Kabla ya dawa yoyote ya fujo, mjaribuni kwa siku chache na parasetamoli ya kawaida kwa saa zake, ikiwa ini lake ni zima. Mzee asiyeweza kusema "goti linauma" hupiga mkono wa anayemwinua.

Nyar_Nyakach

Asanteni. Kwenye kuogesha ndipo pagumu kuliko pote. Mzee akisikia neno "kuoga" anakamata kitanda. Hufanywaje bila vita?

Mlezi_Ikolomani (Kakamega)

Nyar Nyakach, hapo nitakaa kidogo.

Kwanza, si lazima aoge kila siku. Mwili mzima mara mbili au tatu kwa wiki unatosha, mradi makwapa, mapaja na sehemu za siri zipanguswe kila siku na zikaushwe. Hilo pekee huondoa nusu ya ugomvi.

Pili, kinachomkataza mara nyingi si ukaidi. Ni baridi, aibu, na kutojua kinachofuata. Maji yanayoanguka kichwani bila yeye kuyaona yanamtisha kama angeviziwa. Kwa hiyo andaeni kila kitu kabla hamjamwita: maji ya vuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko, kiti kisichoteleza, sabuni, dodoki, taulo mbili kubwa, na nguo safi zilizopangwa kwa mfuatano wa kuvaliwa, suruali ya ndani juu kabisa. Ukimwacha peke yake dakika moja kufuata taulo, amekwisha kusimama na kuteleza. Nakuru asubuhi ni baridi, ngojeni saa sita mchana jua likiingia. Kisumu, mapema kabla ya joto ni nafuu zaidi.

Usimwambie "twende tukaoge". Mwambie "baba, maji yako yako tayari", ukimpa taulo aishike. Akae. Taulo moja mabegani, ya pili mapajani, na hazitoki. Unaosha chini ya taulo. Mpe kitambaa chenye sabuni mkononi mwake mwenyewe, mara nyingi mkono unakumbuka kazi hata kichwa kikisahau. Anza na miguu, panda magotini, kisha mikono, kifua, mgongo, sehemu za siri kwa kitambaa kingine, na uso mwishoni. Maji yamiminwe kwa kikombe kidogo kutoka pembeni, na kabla ya kumimina sema "maji yanakuja mguuni". Kichwa kioshwe siku nyingine, kwa kitambaa kilicholoweshwa. Akikasirika katikati, simamisha, mfunike, mpe chai. Mguu mmoja uliooshwa ni afadhali kuliko mwili mzima ulioshindaniwa, maana hofu inabaki hata tukio likisahaulika, na kesho ataikataa sura yako bila kujua kwa nini.

Wakati wa kukausha ndipo unapomkagua: mkia wa mgongo, visigino, nyonga, katikati ya vidole. Ngozi iliyo nyekundu, au iliyoiva zaidi kwa mtu mweusi sana, ambayo haibadiliki ukiibonyeza, ni kidonda kinachoanza. Asilalie hapo. Wa kitandani ageuzwe kila saa mbili.

Nyar_Nyakach

Umenisaidia mno. Niongeze moja ambalo vitabu vya wageni havina. Kwetu Wajaluo na kwa Waluhya pia, mke wa mwana hamwogeshi baba mkwe, na mzee huyakumbuka haya hata akisahau jina la mwanawe. Familia ikimwachia mkaza mwana kazi hiyo kwa kuwa "ndiye aliye nyumbani", wote wawili wanateseka, kisha mzee anaitwa mkali. Atafutwe mwana, au mjukuu wa kiume, maana baina ya babu na mjukuu kuna utani na hakuna aibu hiyo. Asipopatikana, msaidizi wa kiume alipwe kwa siku hizo tatu za wiki.

Na lugha. Kiswahili na Kiingereza alichojifunzia shuleni au kazini mara nyingi hutangulia kumtoka, akabaki na cha mama yake. Msaidizi aliyetoka mbali afundishwe maneno kumi ya lugha ya mzee kabla ya siku ya kwanza. Kwa Kijaluo aanze na *pi* maji, *chiemo* chakula, *rem* maumivu. Mzee anayelia *rem* akaletewa maji atatupa kikombe.

Fundi_Njoro

Mimi ni wa mbao. Swali la kiti cha choo cha usiku huulizwa sana.

Msikate tundu kwenye kiti cha plastiki. Ukikata kalio lake, pale pa kukalia, nguvu inakwisha, miguu inapanuka, na mzee anashuka nacho. Tengenezeni cha mbao: kalio sentimita 45 kutoka chini, au kimo kile ambacho nyayo zake zinakanyaga zote na magoti yakiwa pembe mraba. Tundu upana wa 20 na urefu wa 27 hivi, kingo zilainishwe kwa msasa. Mikono ya kiti sentimita 22 juu ya kalio, kwa kuwa ndiyo anayoisukuma akiinuka. Miguu ya nyuma itoke nje kidogo kiti kisipinduke. Pakeni rangi ya mafuta mara mbili ili mkojo usiingie kwenye mbao. Ndoo ya lita 10 chini, yenye maji kidogo.

Choo cha nje: mlango uachwe wazi mchana ili akione, na upakwe rangi tofauti na milango mingine yote. Ndani wekeni mti wa kushikilia, uliofungwa kwa bolti na si misumari, usawa wa kiuno.

Mlango wa nyumba: wekeni komeo juu kabisa au chini kabisa, maana mzee hutafuta usawa wa macho na mkono wake. Kengele ya mbuzi langoni inatosha. Ila msimfungie kwa kufuli la nje mkaondoka. Moto ukizuka hatoki.

Mlezi_Bungoma

Na mitungi ya gesi?

Fundi_Njoro

Fungeni na mng'oe kichwa chake kila baada ya kupika, kiwekwe mbali. Makaa yasiingie chumbani hata kidogo. Panga, shoka na jembe stoo, pamoja na dawa ya kupe. Hiyo ya kupe naisisitiza: majumbani hupimwa kidogo ikamiminwa kwenye chupa ya soda. Mzee akiona chupa ya soda ataona soda.

Mlezi_Ikolomani

Kuhusu kupotea. Kila asubuhi akishavaa mpigeni picha moja ya mwili mzima kwa simu. Akitoweka, picha hiyo ina shati la leo, na ndiyo itakayotumwa kwa wahudumu wa boda na kikundi cha nyumba kumi. Namba ya simu ishonwe ndani ya ukosi wa kila shati na koti, maana mfukoni ataitoa.

Akikosekana, dakika 15 za kwanza ni za karibu: chooni, nyuma ya zizi, migombani, mtaroni, mtoni. Wengi hupatikana si mbali na nyumbani. Baada ya hapo mtu mmoja aende njia ya kazi yake ya zamani au boma la wazazi wake. Mahindi yakiwa yamepita kichwa, na kwenye miwa wakati wowote, piteni mstari kwa mstari mkitazama chini. Msitegemee kumwita tu, kwa kuwa wazee wa hali hii mara nyingi hawaitiki hata ukiwa hatua tano kutoka alipokwama. Wakati huo huo mwingine apige 999 au 112 na aandikishe taarifa kituoni. Hakuna haja ya kungoja saa 24.

Majirani waelezwe ugonjwa kwa jina lake mapema, hasa kama mzee hutoka usiku. Mtu anayezunguka boma za watu gizani akiongea peke yake huitwa mchawi, na huku kwetu magharibi neno hilo limeshaua wazee.

Mwana_wa_Ahero

Baba anapomwulizia mama aliyefariki, husemwa nini? Kumdanganya baba ni dhambi.

Muuguzi_Lanet

Ndugu, hakuna anayekutaka umdanganye. Ila ukimwambia "mama alikufa", kwake ni habari ya leo, atalia upya, na baada ya nusu saa atauliza tena. Kuna njia ya tatu. Mjibu lile lililo nyuma ya swali: "Unamkumbuka mama. Alikuwa anakupikia nini?" Mwache aseme.

Na "nataka kwenda nyumbani" akiwa nyumbani ni hivyo hivyo. Usimwambie "si uko nyumbani". Mchunguze mkojo, njaa, maumivu. Kisha mpe fimbo yake, mzunguke boma hadi langoni, mrudi.

Mwana_wa_Ahero

Bado naona kuna wengine wanaopaswa kuambiwa ukweli.

Muuguzi_Lanet

Ni kweli. Kwa mzee wa mwanzo, ambaye habari inakaa, mwambie kwa upole mara moja na ukae naye. Kipimo ni kama habari inabaki hadi kesho.

Nyar_Nyakach

Chakula. Ugali mweupe kwenye sahani nyeupe hauonekani kwa jicho lake, anasukuma sahani mkadhani ameshiba. Tumieni sahani ya rangi moja iliyokolea, nyekundu au ya samawati, isiyo na maua, kwa kuwa atajaribu kuyaokota. Mleteeni kitu kimoja kimoja. Akishindwa na kijiko, mpeni vya mkononi: kiazi kitamu, yai, ndizi, ugali uliofinyangwa tonge ndogo na kuchovywa kwenye mrenda, unateleza vizuri. Samaki achambuliwe miiba yote kwenye sahani nyingine, mwangani, kwa vidole.

Akae wima, kidevu kielekee chini kidogo anapomeza, na abaki wima dakika 30 baada ya kula. Akikohoa kila akinywa maji, au sauti ikiwa ya majimaji baada ya kumeza, maji yanaingia njia ya hewa na nimonia iko njiani. Uji mzito kidogo huwa rahisi kuliko maji, lakini aonwe na mtaalamu wa kumeza hospitalini. Vikombe sita hadi vinane vya vinywaji kwa siku, isipokuwa daktari wa moyo au figo amempa kiasi kingine. Kwenye joto la Kisumu hataomba maji, kiu ya uzeeni haisemi. Mpimeni uzito kila mwezi.

Mlezi_Bungoma

Nimeulizwa faraghani kuhusu shamba, najibu hapa ili liwafae wengi. Hati ya uwakili wa kawaida, ile anayompa mwana asaini kwa niaba yake, hupoteza nguvu mzee akipoteza uwezo wa kuelewa. Ikishafika hapo, familia huenda mahakamani kuomba mtu ateuliwe kusimamia mali yake. Kwa hiyo ya karatasi yafanywe mapema, na siku ya kusaini, daktari amwone na aandike kwamba leo anaelewa anachokifanya. Wosia wa maandishi unataka mashahidi wawili, na wasiwe wanaorithi. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili husimama tu akifariki ndani ya miezi 3. Mkiwa na hofu kwamba mtu atamshikisha kalamu auze, mwenye haki kwenye ardhi hiyo anaweza kuweka zuio kwenye ofisi ya ardhi.

Kwenye simu yake zibaki fedha kidogo tu, matapeli hupiga wazee kama hawa kila siku. Mpeni pochi yenye noti za hamsini. Mzee anayesema ameibiwa hutulia akizihesabu. Mwenye miaka 70 na zaidi aandikishwe Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi, na jina la mlezi liwekwe pamoja. Kadi ya zamani ya NHIF haifanyi kazi tena tangu Oktoba 2024. Hakikisheni yuko SHA, bima ya afya iliyochukua nafasi yake, na michango imelipwa kabla hajalazwa.

Mwana_wa_Ahero

Swali la mwisho. Jioni anachafuka, usiku halali, na mlezi naye halali.

Muuguzi_Lanet

Usiku hutengenezwa asubuhi. Akae juani nusu saa kabla ya saa nne. Usingizi wa mchana usizidi dakika 40 na uishe kabla ya saa tisa. Chai na kahawa mwisho saa nane mchana. Huku kwetu giza huingia haraka, kwa hiyo taa ziwashwe na mapazia yafungwe saa kumi na moja na nusu, kabla vivuli havijaanza kutembea ukutani. Kioo kifunikwe kwa leso kama anagombana na "yule mtu". Redio na runinga za habari zizimwe, asije akadhani kelele za maandamano ziko sebuleni. Kinywaji cha mwisho saa moja usiku, kisha mkojo, kisha kitanda. Daipa ya watu wazima ni ya akiba usiku, isichukue nafasi ya kumpeleka choo kila saa mbili mchana.

Akiamka saa nane usiku, usimwulize "unataka nini", hajui. Pitia wewe: mkojo, maumivu, baridi, njaa. Ongea kidogo, kwa sauti ya chini. Taa ndogo za sola ziwekwe chini, karibu na sakafu, moja kando ya kitanda na nyingine kwenye kiti cha choo, ili aione njia bila mwanga kumpiga machoni.

Na mlezi apate usiku mbili kila wiki za kulala nyumba nyingine, zikiwa zimeandikwa kwenye kikundi cha familia na jina la atakayeshika zamu. Asiyeweza kuja alipe atakayekuja.

Mwana_wa_Ahero

Nimeandika yote. Jumatatu twaenda kupima mkojo na B12, na mfuko wa dawa tunao.

Kemisti_Kondele

Bebeni na zile za droo.